Karibu ya Telesphory

Kiti cha mgeni kilikuwa kimelowa tena. Maji ya kumwagika huacha michirizi na dimbwi sakafuni, lakini hiki kililowa pale pa kukalia tu, duara moja pana, kana kwamba mtu aliyetoka kuoga bila kujifuta alikaa hapo akasikiliza, kisha akaondoka zake. Na kilinuka tope, lile tope la chini kabisa ya ziwa linalopanda na nanga.

"Brigita," Telesphory aliita bila kugeuka. "Nimekwambia mara ngapi usiweke ndoo ya kudekia juu ya kiti?"

Brigita, fundi mitambo wa kituo, alikuwa upande wa pili wa kioo akiunganisha nyaya. "Ndoo iko nje, kaka Teli. Tangu asubuhi."

"Basi paa linavuja."

"Mwezi wa saba huu."

Telesphory alimtazama kwa lile jicho aliloliweka maalumu kwa watu wa Ilagala, kijijini kwao Brigita, jicho la mtu anayesoma bango lililoandikwa vibaya. Akakigeuza kiti kikaelekea ukutani. Ilikuwa saa saba kasoro dakika tatu mchana. Alikuwa na dunia nzima ya kuidharau ndani ya saa moja, wala hakuwa na nafasi ya kubishana habari za mvua na msichana aliyetoka chuo cha ufundi.

Huyu Telesphory ni mzaliwa wa Kidahwe, ila ungemsikia akizungumza ungedhani Kidahwe iko ng'ambo ya bahari. Alisoma Dar es Salaam miaka mitatu, akarudi Kigoma na miwani isiyo na namba na lafudhi isiyo ya mahali popote. Redio ndogo ya jamii pale Katubuka ikampa kipindi, kwa sababu haikuwa na mtu mwingine aliyejiamini kiasi hicho. Kipindi kiliitwa Vituko vya Dunia. Kila siku ya kazi, saa saba hadi saa nane, watu wakiwa mezani wanakula, Telesphory alilichukua zimwi la taifa fulani na kulivua nguo hadharani.

"Leo tuko Japani," angeanza. "Wajapani wana jini la mtoni, dogo kama mtoto wa darasa la pili, lina bakuli la maji utosini. Nguvu zake zote zimo kwenye bakuli. Sasa ukikutana nalo ufanyeje? Liinamie! Ndiyo, lisalimie kwa adabu. Nalo lina adabu kupita kiasi, litainama pia, maji yatamwagika, litakufa. Jini la kufa kwa salamu! Hebu lilete huku kwetu Waha. Utasema Mwakeye, utapiga makofi, utauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za shamba, za mjomba aliye Kasulu. Hujafika kwa mbuzi, jini marehemu!"

Au angewageukia Warusi, na bibi yao mchawi aishiye porini katika kibanda chenye miguu ya kuku. "Miguu miwili ya kuku inayobeba nyumba nzima! Ndugu zangu, miguu hiyo ina minofu kiasi gani? Hapa Kigoma kibanda hicho kisingefika Krismasi. Bibi angeamka yuko chini, sisi tunatafuta pilipili."

Na tumpe haki yake, ingawa inauma, kwani alichekesha. Ujiji nzima ilicheka na wali mdomoni. Kilichowapita wasikilizaji ni kwamba aliwadharau wao kuliko alivyoyadharau majini ya Warusi. Alikuwa akimwambia mkewe kwamba kuwachekesha watu wa huku ni kazi ya kumtekenya mtoto, haihitaji kipaji.

Kipindi kiliisha kila siku kwa kibwagizo alichokirekodi mwenyewe mwaka juzi, sauti ikiwa nzito na tamu. Kompyuta ilikirusha yenyewe, bila mkono wa mtu, ikifika saa nane kasoro dakika moja. "Umekula, umecheka, umeshiba. Karibu tena kesho, saa hizi hizi. Mlango uko wazi." Alikipenda mno kibwagizo hicho, hata nyumbani alikiimba akinyoa ndevu.

Mambo yalianza Alhamisi ya wiki iliyotangulia, siku ya mnyonya damu wa Ulaya. Telesphory aliwaeleza wasikilizaji kwamba kiumbe huyo, pamoja na meno yote yale na joho lile, hawezi kuvuka kizingiti cha mtu mpaka mwenyewe amwambie karibu.

"Huko kwao anasota nje miaka mia, kwa sababu Mzungu ukimbishia hodi anakuchungulia kwanza dirishani. Sisi je? Sisi hodi haijaisha, karibu imeshatoka. Mtu yuko chooni anaitikia karibu! Yuko usingizini, karibu! Mnyonya damu angehamia Ujiji angenenepa, jamani, angetafutiwa na mkeka."

Hapo meseji ikaingia kwenye simu ya kituo. Msikilizaji wa Kibirizi aliuliza mbona yeye husema ya mbali tu, mbona ya ziwani hayagusi, au anaogopa. Telesphory aliisoma hewani kwa sauti ya kejeli, akacheka, akavuta kipaza sauti karibu na mdomo.

"Ya ziwani? Majini ya ziwani hayana hata hadithi. Yanavuta miguu ya watu wasiojua kuogelea, basi. Hayo ndiyo mnayonitishia? Haya, nayaita. Wewe uliye ziwani, kama upo, karibu. Karibu studio, kiti cha mgeni kipo. Chakula chetu hapa ni kicheko. Njoo ule, ushibe, mpaka utakapochoka."

Brigita, upande wa pili wa kioo, aliinua uso. Aliliona pazia la mlangoni likisogea na kurudi mahali pake, na studio haina dirisha.

Siku ya pili ndipo kiti kililowa mara ya kwanza. Na siku hiyo hiyo jioni, akisikiliza rekodi ya kipindi, Brigita alimwita Telesphory, akampa hedfoni. Nyuma ya sauti yake, mbali kidogo, kulikuwa na mtu anacheka.

"Ni wewe huyo," Telesphory alisema.

"Mimi?" Brigita alinong'ona. "Kaka Teli, mimi sijawahi kucheka kipindi chako."

Lilimchoma neno hilo kuliko kicheko chenyewe. Akavua hedfoni, akaenda nyumbani.

Nyumbani kwake, mtaa wa pili kutoka kituoni, kulikuwa na mkewe Jovita, fundi cherehani, ambaye alikwisha acha kucheka mizaha ya mumewe tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Na kulikuwa na Diana, mtoto wao wa miezi kumi na minne. Diana alicheka kuku akikimbia, alicheka ndoo ikianguka, alicheka cherehani ikikwama na mama yake akiitukana. Mcheko wake ulipanda juu, ukakatikia kwenye kwikwi moja ndogo, kisha ukaanza upya. Kila Telesphory aliporudi alisimama nje ya mlango wake mwenyewe, akaigiza sauti ya jitu, "Hodi, hodiii!", na mtoto angevunjika kwa kicheko kabla mlango haujafunguka. Hicho ndicho kitu kimoja chini ya jua ambacho Telesphory hakukidharau. Kwa ajili ya mcheko ule angetembea mikono chini, miguu juu, mchana kweupe, mbele ya watu wa Kidahwe.

Ijumaa hiyo alipiga hodi, Diana akatabasamu tu. Wakasema ana usingizi.

Jumamosi na Jumapili, siku ambazo hakuna kipindi, alicheka kidogo, kwa sauti iliyokwaruza. Jumatatu jioni Telesphory alipiga hodi mara tatu. Alipoingia alimkuta mtoto amekaa mkekani, kinywa wazi, mabega yanatikisika, machozi ya furaha yamejaa machoni, na sauti hakuna hata chembe. Alikuwa anacheka vizuri kabisa, ila kicheko hakikutoka.

Jovita alimwangalia mumewe. Akauliza kwa sauti ya chini, "Umemfanya nini?"

"Mimi nimfanye nini?"

"Sijui. Lakini anaanza hivi saa saba mchana kila siku, nikiwasha redio."

Daktari alimchungulia mtoto kooni akasema koo ni zima kabisa. Jovita akaizima redio, na hilo halikubadili kitu.

Jumanne, kiti kikiwa kimegeuziwa ukutani, Telesphory alikaa kuwasimulia watu majitu ya kaskazini ya dunia, yale yanayogeuka mawe jua likiyakuta nje. Alikuwa ndiyo kwanza anasema, "Sasa jitu la futi thelathini linaloogopa asubuhi," hajafika mahali pa kuchekesha, alipokisikia kicheko ndani ya hedfoni. Hakikuwa nyuma safari hii, kilikuwa sikioni kabisa, chepesi, cha kitoto, kikapanda, kikapanda, kikakatikia kwenye kwikwi moja ndogo, kikaanza upya. Naye akaendelea kusema kwa sababu mdomo wa mtangazaji huendelea wenyewe hata kichwa kikiwa kimesimama, akasema jitu, akasema jua, akasema mawe, huku harufu ya tope ikiijaza studio mpaka ikamkaa ulimini, huku kiti kilichoelekea ukutani kikigeuka taratibu, miguu yake ikikwaruza sakafu, kikageuka nusu, kikageuka robo tatu, kikamkabili, kitupu, kinachuruzika maji, na kicheko cha mwanawe kikitoka pale juu ya kiti, usawa wa uso wa mtu mzima aliyekaa.

Akanyamaza. Redioni, kunyamaza ni dhambi. Ujiji nzima ilishusha vijiko.

"Endelea," sauti ikasema sikioni mwake. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye umri, iliyochoka, kama ya mwalimu anayesahihisha daftari la mjinga. "Unasimulia vibaya, lakini nina njaa."

"Wewe ni nani?" Telesphory alinong'ona, kiganja kimeziba kipaza sauti.

"Mgeni wako. Hilo jitu hukulielewa hata kidogo. Haliogopi asubuhi. Linaomboleza usiku unaoisha. Umelisoma wapi, kwenye kanga?"

"Huyo ni mwanangu. Hicho ni kicheko cha mwanangu."

"Nilikaribishwa chakula cha nyumba hii, nikaonja chote. Cha wasikilizaji wako ni chepesi, hakishibishi. Cha mkeo hakipo. Kilichobaki ni hiki, na kinakaribia kwisha. Endelea, nimekwambia."

Naye akaendelea, mwenzangu, mpaka saa nane, meno yakigongana, na watu wakapiga simu kusema hawajawahi kucheka hivyo, leo Teli ameigiza uoga mpaka mbavu zao zinauma.

Jioni hiyo Jovita ndiye aliyemtaja Bi Yasmini wa Ujiji. Telesphory alikuwa na maneno mengi kuhusu waganga, maneno ya vipindi vitatu vizima, lakini alimtazama Diana akicheka kimya mkekani, akayameza, wakaenda usiku ule ule.

Bi Yasmini ni Mmanyema wa Ujiji, mtu mzima wa mwili mkubwa na subira ndogo. Asubuhi huuza mawese. Mchana huwatoa watu mashetani, ikiwa atajisikia. Aliwapokea barazani kwake, Telesphory na Jovita na mtoto, akaendelea kumimina mafuta kwenye chupa.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Kaa. Si hapo, hapo pana mafuta. Wewe ndiye wa redio."

"Ndiye."

"Nilikusikia Alhamisi. Nilikuwa nakaanga. Nikasema, mjinga huyo." Akafunga chupa. "Nimeshangaa mmechukua siku zote hizi kuja."

"Tunaomba umtoe, mama," Jovita alisema.

"Nimtoe vipi? Amevunja mlango? Ameingia kwa wizi? Mumeo amemwita mbele ya wilaya nzima, akampa kiti, akamtajia na chakula. Nikimfukuza mgeni wa halali atanishitaki kwa wenzake, na atanishinda."

"Kumbe majini yana mahakama?" Telesphory alisema, na pumzi fupi ya dharau ikamtoka puani yenyewe, bila kuitwa. Ilikuwa kawaida yake.

Bi Yasmini akamgeukia Jovita. "Unaona? Hata sasa. Mtoto hana sauti, yeye ananichekea. Ingekuwa ni yeye peke yake ningemwachia mgeni wake." Akamchukua Diana akamweka pajani, akamtekenya shingoni. Mtoto akafungua kinywa, akatikisika, kimya. Bi Yasmini akamkumbatia kwa kitambo, kisha akaanza kuzungumza kwa sauti ya chini sana, hata wakalazimika kusogea kwenye mafuta.

"Mgeni anaagwa, na anasindikizwa. Kesho, saa ile ile, mdomo ule ule, masikio yale yale yasikie. Uirudishe ile karibu yako. Usitie mzaha hata punje, anajua mzaha wako wote. Kisha uondoke naye kwa miguu mpaka majini. Usigeuke nyuma kumtazama. Zungumza naye njiani kama unavyozungumza na mgeni anayeondoka, jibu akikuuliza. Ukifika ziwani mwambie kwa heri, basi. Hapo ndipo watu hupotea. Wewe umelelewa Kidahwe, mgeni akiondoka utasema nini?"

"Karibu tena."

"Hilo ndilo usiloruhusiwa. Akiisikia sauti yako ikimwambia karibu tena kabla kichwa chake hakijazama, atarudi, na safari hiyo hatarudi kama mgeni. Atarudi kama mtu wa nyumbani, na mtu wa nyumbani hasindikizwi na yeyote, hata na mimi." Akamrudishia Jovita mtoto. "Sitaki kitu chenu. Siku akicheka mleteni nimsikie."

Kesho yake Telesphory alifika kituoni mapema. Brigita alikuwa amekwisha panga muziki. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi.

"Kaka Teli," alisema taratibu, akitazama kile kiti. "Niambie tu. Na mimi nashinda naye humu ndani. Tangu Alhamisi sikai peke yangu. Kwetu Ilagala tunawajua hawa, kuna mambo ya kuangalia. Ukiniambia unachotaka kufanya naweza..."

Neno lilimfika Telesphory mpaka kwenye ulimi. Angetakiwa kusema, Brigita, nilikosea, nimekwenda kwa mganga, nisaidie. Aliyafikiria maneno hayo yakitoka kinywani mwake mbele ya msichana yule mwenye ndala, akaona aibu iliyomwunguza masikio.

"Kwenu Ilagala mnajua nini?" alisema. "Nitazungumza dakika tano, kisha nina safari. Weka muziki mpaka mwisho. Mengine yote fanya kama kawaida."

Brigita akamtazama. "Kama kawaida," alisema. "Sawa."

Saa saba kamili taa nyekundu ikawaka. Harufu ya tope ilikuwa imekwisha ingia. Telesphory aliondoa miwani yake isiyo na namba, akaiweka mezani.

"Mgeni wangu," alisema, na sauti haikuwa na asali, ilikuwa sauti ya Kidahwe tupu. "Alhamisi nilikuita kwa mzaha. Nilikupa kiti na chakula visivyokuwa vyangu kutoa. Nimekosa. Karibu ile naichukua, mbele ya wote walioisikia. Nakuomba uniruhusu nikusindikize."

Meseji zikamiminika kwenye simu ya kituo. Hahaha. Teli leo umeua. Teli unafaa sinema.

Kiti kikalia. Kitu kizito kilikuwa kimesimama.

Kutoka Katubuka mpaka mwaloni Ujiji, wanakotua wavuvi, ni mwendo wa dakika hamsini kwa mtu asiyekimbia. Telesphory alizitembea zote juani, shingo imekakamaa, akisikia nyuma yake nyayo zilizolowa zikipiga lami, chapa, chapa, bila haraka. Kila duka na kila genge redio ilikuwa wazi na muziki wa Brigita ukilia. Watu walimpungia. Waliona mtangazaji wao anatembea peke yake anaongea peke yake, nao kwa kuwa walikuwa wamekwisha amua kwamba yote ni kichekesho, walicheka. Mara ya kwanza katika maisha yake Telesphory alikijua kicheko kile kinavyomwingia mtu anayechekwa.

"Nisimulie," sauti ikasema begani mwake. "Kile kibanda cha miguu ya kuku. Kisimulie vizuri."

Basi akasimulia. Alitaka kusema minofu, alitaka kusema pilipili, kila sentensi ilikuja na mzaha wake umekwisha iva, naye akauuma akautema, akasema tu kwamba kuna mwanamke mzee sana porini, peke yake, na nyumba yake haina mahali pa kukaa duniani, ndiyo maana ina miguu, inazunguka kati ya miti usiku kucha ikitafuta mahali ambapo hakuna atakayeicheka, na mtoto akipotea porini huiona taa yake ikipita, ikipita tena, karibu zaidi, na hajui kama taa ile inamtafuta ili imle au ili isiwe peke yake. Na aliposema hivyo nywele za mikono zikamsimama saa saba na nusu mchana, kwa sababu aliielewa hadithi ile siku hiyo kwa mara ya kwanza, baada ya kuisimulia mara sita.

"Kumbe unaweza," sauti ikasema. Haikusema kingine mpaka majini.

Mwaloni akina mama walikuwa wakigeuza dagaa walioanikwa mchangani, redio imening'inizwa kwenye mti wa kuanikia nyavu. Telesphory alipita katikati yao mpaka maji yakamgusa viatu, akasimama. Nyayo zikampita. Akaziona sasa mbele yake, alama moja, alama ya pili, kisha maji yakafunguka pasipo mtu, usawa wa magoti, usawa wa kiuno.

"Kwa heri," Telesphory alisema. Neno la pili lilikuja lenyewe mpaka nyuma ya meno, neno ambalo mama yake alimfundisha kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Akaufunga mdomo kwa mikono yote miwili.

Maji yalikuwa usawa wa kifua cha mtu simu ilipolia. Ilikuwa Jovita, naye alikuwa analia.

"Teli, sikiliza! Msikilize!"

Na akamsikia. Diana alikuwa anacheka. Mcheko ulipanda juu, ukakatikia kwenye kwikwi moja ndogo, ukaanza upya, na Jovita pia alikuwa anacheka, Jovita ambaye hakucheka miaka minne. Telesphory alipiga magoti mchangani simu ikiwa sikioni, akalia kwa sauti, wala hakujali nani anamwona. Maji yalikuwa usawa wa shingo. Zilibaki hatua mbili, labda tatu.

Nyuma yake, kwenye mti wa nyavu, muziki ukakatika. Ilikuwa saa nane kasoro dakika moja, na katika kituo cha Katubuka msichana wa Ilagala alikuwa ameiacha kompyuta ifanye kama kawaida.

"Umekula, umecheka, umeshiba," ilisema sauti nzito na tamu ya Telesphory, kutoka kwenye ile redio, kutoka kwenye kila redio ya Ujiji. "Karibu tena kesho, saa hizi hizi. Mlango uko wazi."

Maji yakasimama. Kisha yakageuka.

Hakusikia nyayo safari hii. Aliona tu alama zikitokea mchangani, moja hapa, nyingine hatua ishirini mbele, kati ya dagaa, juu ya ukingo, kwenye njia ya Katubuka, na akina mama wakashika pua kwa harufu ya tope. Telesphory aliinuka akakimbia.

"Jovita, funga mlango! Funga!"

"Nini? Sikusikii, huyu anapiga kelele," Jovita alisema, bado anacheka. "Ngoja."

Akasikia mlango wa nyumba yake ukifunguka, polepole, kwa ule mlio wa bawaba aliyoahidi kuitia mafuta. Mcheko wa Diana ulipanda juu na kukatikia kwenye ile kwikwi, na haukuanza tena.

"Teli," Jovita akanong'ona kwenye simu. "Kuna mtu ameingia. Hajapiga hodi."